Nyonga ya Mama na Ugomvi wa Simenti

KONA YA DADA

*"Dada, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kizota, Dodoma. Mama yangu ana miaka 67 na nyonga yake ya kulia imeisha. Picha inaonyesha mfupa unasagana na mfupa. Usiku halali, mchana anatembea kwa kushika ukuta. Daktari amesema dawa za maumivu zimefika mwisho, sasa abadilishwe nyonga. Nyumba imegawanyika. Kaka anasema tukatae ya simenti, tudai ile ya kisasa isiyo na simenti, kwa sababu simenti ndiyo inayooza na kuleta usaha. Shangazi ana jirani yake aliyewekewa chuma, kikatoa usaha mpaka kikaondolewa, kwa hiyo yeye hataki upasuaji kabisa, anataka mama apelekwe akachanjwe chale. Mimi ndiye ninayemuuguza. Nishike la nani?" – Kitinda mimba, Kizota*

Marahaba, mdogo wangu. Mfikishie mama mbukwa yangu, na pole nyingi kwa kukosa usingizi, yeye na wewe.

Nikujibu bila kuzunguka. Kaka anagombana na asiye na kosa. Shangazi anaogopa kitu cha kweli, ila tiba anayoitaka ndiyo inayoweza kukiita. Kama nyonga itashikizwa kwa simenti au bila simenti, hilo ataliamua daktari bingwa wa mifupa akishaupima mfupa wa mama. Usaha ni vita nyingine, na nusu ya vita hiyo mtapigana ninyi wenyewe nyumbani, kabla mama hajalazwa na baada ya kuruhusiwa.

Kwanza tuimalize simenti

Nyonga bandia ina kikombe kinachokaa kwenye fupanyonga, na shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa paja, likiwa na kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe. Kinachowagombanisha ni namna vitu hivyo vinavyoshikizwa kwenye mfupa.

Njia ya kwanza ni simenti ya mfupa. Usifikirie mfuko wa kilo 50. Hii ni aina ya plastiki, ya ukoo mmoja na ile inayotengenezea meno bandia. Unga wake na maji yake vinachanganywa palepale kwenye chumba cha upasuaji, vinakuwa uji mzito, unasukumwa ndani ya mfupa, shina linaingizwa, na baada ya dakika kumi na kitu kila kitu kimekauka. Wala si gundi. Inafanya kazi kama udongo au zege ambalo fundi analishindilia kati ya mawe ya msingi: linajaza kila mwanya mpaka jiwe halina pa kutikisikia. Ndiyo maana mgonjwa wa simenti mara nyingi anasimamishwa na kukanyagia mguu wake siku ya pili.

Njia ya pili haina simenti. Shina ni la titani, uso wake umekwaruzwa makusudi, na mara nyingi limepakwa madini yanayofanana na ya mfupa. Daktari analigonga mpaka linabana. Kisha mfupa wenyewe unaota taratibu na kuingia kwenye mikwaruzo ile, kazi ya wiki 6 hadi 12 hivi. Kuna na mchanganyiko: shina la simenti, kikombe bila simenti.

Sasa nani apewe ipi? Kijana mwenye mfupa imara, isiyo ya simenti inamfaa sana. Mwanamke wa miaka 67 ambaye hedhi ilikoma zamani, mfupa wake wa paja unaweza kuwa umelainika na kuwa mwembamba. Shina la kugonga linaweza kuupasua, palepale mezani au wiki chache baadaye, na mama akarudishwa kufunguliwa tena. Kwa watu wa namna hiyo simenti ndiyo salama zaidi. Nayo ina hatari yake: wakati inasukumwa, presha ya mgonjwa inaweza kushuka ghafla, hasa mwenye moyo dhaifu. Kwa hiyo daktari wa usingizi aambiwe kila kitu kuhusu moyo wa mama, presha na dawa anazomeza. Msifiche hata kidonge kimoja.

Mwambie kaka kwamba "ya kisasa" si jina la ubora. Ukienda kununua kiatu unaangalia mguu kwanza.

Je, simenti inaleta usaha?

Kaka kasikia nusu ya habari. Nusu nyingine ni hii.

Aliyeipa dunia nyonga bandia tunayoijua leo ni Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962. Alitumia simenti tupu, isiyo na dawa. Mwanzoni wagonjwa wake kama 7 katika kila 100 walipata maambukizi, jambo lililomkosesha raha. Akajenga kibanda cha hewa safi ndani ya chumba cha upasuaji, akabadilisha mavazi ya madaktari, akabana kila mwanya, na idadi ikashuka hadi karibu mtu 1 katika 100. Simenti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni usafi.

Mwaka 1970 huko Hamburg, Ujerumani, daktari Hans Wilhelm Buchholz na mwenzake wakatangaza wazo lingine: kuichanganya simenti na jentamisini, dawa ileile ambayo wengi wetu tumewahi kudungwa. Simenti ikawa inatoa dawa polepole pembeni ya chuma, mahali ambapo damu inafika kwa shida. Nchi ya Norway imekuwa ikiandika kila nyonga bandia kwenye daftari la taifa tangu 1987. Daftari hilo limeonyesha kwamba simenti tupu ndiyo iliyokuwa na maambukizi mengi zaidi, wakati simenti yenye dawa na nyonga isiyo na simenti zilikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Kama mtatumia simenti, ina dawa ndani yake?" Akijibu ndiyo, kaka hana hoja tena.

Usaha unatoka wapi, basi?

Kwa hospitali zinazoifanya kazi hii vizuri, maambukizi hutokea kwa mtu 1 au 2 katika kila 100. Ni wachache, lakini akiwa ni mama yako, kwako ni mia kwa mia.

Mara nyingi mhusika ni bakteria wanaokaa kwenye ngozi na puani mwetu siku zote bila kutudhuru. Chuma hakina damu wala kinga. Bakteria wachache wakikaa juu yake wanajitandia utando, na ndani ya utando huo dawa haiwafikii vizuri. Ndiyo maana maambukizi ya nyonga bandia hayaponi kwa vidonge peke yake kama kidonda cha kawaida. Bakteria hao wanaingia kwa njia mbili: siku ya upasuaji na siku chache zinazofuata, kabla kidonda hakijafunga, au baadaye, hata miaka mingi baadaye, kupitia damu, wakitokea kwenye jino bovu, jipu, kidonda cha mguu au maambukizi ya mkojo.

Hapo utaona kwa nini chale za shangazi ni hatari. Wembe ukipita juu ya nyonga ile ile inayosubiri kufunguliwa, kisha ikapakwa unga usiojulikana umetoka wapi, unakuwa umewafungulia bakteria mlango. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Kuhusu jirani yake, ampe pole. Yule aliumia kweli, na hofu ya shangazi ina msingi.

Kazi ya nyumbani kabla ya kulazwa

Anza na miguu ya mama. Mvue ndala, mkalishe kwenye mwanga, tazama visigino. Ukame wa Dodoma unajulikana, na vumbi la Kizota huko Barabara ya Singida halina likizo. Mama zetu wana magaga mpaka yanatoa damu, na katikati ya vidole kuna fangasi. Hiyo ni milango. Loweka miguu, sugua taratibu, usikate kwa wembe, paka mafuta kila usiku, fangasi apate dawa. Kama kuna kidonda popote mwilini, kipone kwanza. Bora kusogeza tarehe mwezi mmoja.

Kisha meno. Jino linalouma au lenye usaha ling'olewe au lizibwe kabla ya upasuaji. Akikojoa kwa maumivu, atibiwe.

Sukari ipimwe, na kipimwe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Madaktari wengi hawapendi kuanza kikiwa juu ya asilimia 8. Damu ipimwe pia, maana mwenye upungufu mkubwa anapona kwa shida. Kama anaishi na virusi vya UKIMWI hazuiwi kufanyiwa upasuaji. Anachotakiwa ni kuwa kwenye dawa na virusi viwe vimefubazwa. Sigara isimame angalau wiki nne kabla. Na ule ugoro ambao bibi na mama zetu wanauficha kwenye pindo la khanga nao una nikotini, usimame vilevile.

Chakula: mlenda na ugali wa uwele ni vitamu, siwasemi vibaya, ila kidonda kinajengwa na protini. Aongezewe maharage, mayai, maziwa, karanga, nyama mkijaliwa.

Halafu kuna sindano. Wagonjwa wengi hudungwa ndani ya nyonga sindano ya kutuliza maumivu yenye dawa jamii ya steroidi. Kama mama amedungwa, mwambie daktari tarehe. Ikiwa haijapita miezi mitatu, ni vizuri kusubiri, kwa sababu inaongeza hatari ya maambukizi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe na asubuhi yake aoge kwa sabuni, avae nguo safi, alale kwenye shuka safi. Asipake mafuta wala dawa ya kuchua. Na msimnyoe nyumbani! Wembe unaacha mikwaruzo isiyoonekana. Nywele zikihitaji kuondolewa, hospitali itazipunguza kwa mashine.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Miaka ya nyuma ukitaja nyonga bandia ulikuwa unaongelea safari ya MOI kule Muhimbili, au KCMC Moshi. Leo hospitali ya Benjamin Mkapa, ile iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), inafanya upasuaji huu, na wewe wa Kizota unavuka mji tu. Kuwa karibu ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kidonda kikileta shida unataka kuonana na yule yule aliyekifunga.

Andika maswali kwenye daftari, mwachie daktari amalize maelezo yake, halafu uliza kwa heshima: "Daktari, shikamoo, naomba kuelewa." Anayeuliza hivyo hafukuzwi.

Muulize atatumia njia gani ya kushikiza, na kwa nini kwa mfupa wa mama. Muulize kama simenti ina dawa. Muulize ile sindano ya kukinga maambukizi itatolewa saa ngapi. Inatakiwa iingie kabla ya kisu, kwa dawa nyingi ndani ya saa moja kabla, ili mwili uwe umejaa dawa ngozi inapofunguliwa. Usimdai vidonge vya wiki mbili "vya kuzuia" baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, limesema kuendeleza dawa hizo baada ya upasuaji hakuongezi kinga. Na kama kuna ndugu anayewaambia muende nje ya nchi kwa sababu huko kuna mitambo ya kupuliza hewa maalumu, mwongozo huohuo haukuipendekeza mitambo hiyo kama kinga kwa upasuaji wa nyonga. Mikono iliyosafishwa vizuri, ngozi iliyopakwa dawa yenye spiriti, milango iliyofungwa na watu wachache ndani, hivyo vinawezekana Dodoma.

Uliza pia bima inalipia nini, na uulize mapema: upasuaji peke yake, au na kipandikizi chenyewe? Watu wanashtuka dakika ya mwisho.

La mwisho, na hili wengi hawalijui. Kila kipandikizi kinakuja na vibandiko vyenye jina la kampuni, ukubwa na namba. Omba kimoja kibandikwe kwenye daftari la mama, na iandikwe kama ni simenti au la. Majirani zetu Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005. Wewe anzisha la mama yako. Siku nyonga ikihitaji kurekebishwa, daktari atakayelisoma ataokoa saa nzima mezani.

Akirudi nyumbani

Kigoda, choo cha kuchuchumaa na mkeka vipumzike mpaka daktari aruhusu. Tafuta kiti kirefu na kiti cha choo. Fundi seremala anatengeneza. Hayo ni ya kuzuia nyonga isichomoke.

Kidonda kibaki kikavu, kimefunikwa. Asiyeosha mikono asikiguse. Wageni watakuja na maombi na dawa za kupaka za asali, majivu na mafuta ya simba. Pokea maombi. Wala kisikandwe na maji ya moto, hata mkandaji awe hodari kiasi gani.

Michubuko, uvimbe wa wastani na ujoto kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Majimaji mepesi siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: kidonda kinachoendelea kuloweka bandeji baada ya siku tano au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha au harufu, homa ya nyuzi 38 kwenda juu, na maumivu yaliyokuwa yanapungua kisha yakarudi, hasa ya usiku mama akiwa amelala tu. Miezi au miaka baadaye, tundu dogo linalotoa maji karibu na kovu ni usaha mpaka vipimo viseme vingine. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Hilo linaweza kuwa damu iliyoganda.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopoteza nyonga. Ukiona dalili hizo, usiende duka la dawa. Najua lipo hatua ishirini kutoka mlangoni na muuzaji ni mtu mwema. Atakupa antibaiotiki, homa itashuka, mtafurahi, na bakteria watakuwa wamejificha chini ya utando. Hospitali wakija kuvuta maji ya nyonga kuyaotesha maabara, huenda wasione kitu, kwa sababu dawa imeshawatia bakteria usingizi. Mtapoteza wiki, na wiki hizo ndizo zinazohesabika. Maambukizi yakikamatwa mapema, ndani ya wiki chache, daktari anaweza kufungua, kusafisha, kubadilisha zile sehemu zinazotoka kirahisi na kuliacha shina mahali pake. Yakichelewa, chuma chote kinatolewa. Mara nyingi mgonjwa anawekewa simenti yenye dawa kwa muda, anameza dawa kwa wiki nyingi, halafu ndipo anafunguliwa tena kuwekewa nyonga mpya. Huenda hayo ndiyo yaliyompata jirani wa shangazi.

Kwa hiyo dalili ikitokea, rudi kwa waliomfanyia upasuaji, na daftari mkononi. Zahanati wakitaka kuanza dawa, waambie kwa upole ana nyonga bandia, mnaomba rufaa kwanza. Ila mama akiwa hoi, anatetemeka, anachanganyikiwa, hapo atibiwe popote alipo, maisha kwanza.

Na wewe binti wa Nkuhungu

Umeniuliza kwa kifupi: una sikoseli, una miaka 29, kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu, je, nyonga bandia ni ya wazee tu? Hapana, mdogo wangu. Sikoseli ni moja ya sababu zinazowafikisha vijana wetu kwenye upasuaji huu. Kwako wewe daktari anaweza kupendelea isiyo ya simenti ikiwa mfupa unaruhusu, lakini lazima ajue kwamba mwenye sikoseli ana hatari kubwa zaidi ya maambukizi, na mfupa wake unaweza kuwa na sehemu ngumu zinazopasuka. Hakikisha daktari wa damu na wa mifupa wanaongea wao kwa wao kabla ya tarehe kupangwa. Na ukipata homa baadaye, usiseme tu "ni sikoseli yangu imeamka." Taja nyonga pia.

Kitinda mimba, nirudi kwako

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikimtafuta mtu mmoja. Kaka kasema, shangazi kasema, daktari kasema, wewe umesema. Mama hajasema. Nyonga ni yake na fomu ya ridhaa ataisaini yeye. Mwelezeni yote haya, pamoja na ile hatari ya mtu 1 au 2 katika 100, mkimlinganishia na maisha anayoishi sasa ya kushika ukuta na kukesha. Akikataa, mheshimuni, na daktari ataendelea kumpunguzia maumivu kwa njia nyingine. Akikubali, gawaneni kazi. Kaka mpe faili la bima na usafiri wa kliniki, aache kubishana na simenti. Shangazi mpe jiko, kwa sababu mayai na maharage ya wiki sita yanataka mtu wa kuyasimamia. Wewe shika daftari. Na kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, anza na yale magaga.

Wako, Dada.